Sauti Iliyokataa Kufutika kwenye Simu ya Kaka

Siku ya kugawa vitu vya kaka, koti alichukua mjomba, redio ilikwenda kwa shangazi, viatu havikumtosha mtu vikawekwa kando, na simu nikapewa mimi. Mjomba ndiye aliyekuwa anagawa. Aliishika ile simu kwa vidole viwili, kama kitu kilichookotwa kwenye maji, akasema, "Wewe ndiye unayeyajua mambo haya. Pokea simu ya kaka yako."

Nikaipokea kwa mikono miwili. Kioo kilikuwa na ufa kwenye kona lakini iliwaka. Kaka aligongwa na gari kule Ilula, Iringa, alikokuwa anauza nyanya, akikimbilia basi na ndoo begani. Simu ilikuwa kwenye kibanda chake, imechomekwa kwenye chaji. Ndiyo maana yenyewe ilipona.

Tulikuwa nyumbani kwa mama, Uyole, chumba cha mbele. Watu wengi wa msiba walikuwa wameshaondoka. Nilitaka kuona picha zake, basi nikagusa alama ya kwanza niliyoiona. Haikuwa picha. Ilitoka sauti ya mama, kubwa kuliko anavyoongea siku zote.

"Usinipigie tena. Umesikia? Baba yako ameumwa miezi yote ile hukuja. Tumemzika hukuja. Leo ndiyo unapiga, unanieleza habari za nyanya. Mimi sina mtoto huko. Na wewe ukifa, usiletwe kwangu."

Nikaizima. Mama alikuwa amesimama mlangoni na sufuria ya chai. Hakuiangusha. Aliiweka chini polepole, akaketi sakafuni kando yake, akavuta khanga akafunika miguu yake. Mjomba alikohoa, akatazama nje. Nje, nyuma ya migomba, kaburi la kaka lilikuwa bado na udongo mbichi. Alikuwa ameletwa kwa mama.

Sisi ni Wanyakyusa, wazazi wetu walihamia Uyole kutoka Tukuyu. Kwetu mzazi akikutamkia neno zito kwa hasira, neno hilo haliishi lenyewe. Inabidi siku moja mkae pamoja, aseme yote yaliyokuwa moyoni, kisha achukue maji mdomoni ayapulize chini mbele yako. Baada ya hapo hakuna kinyongo tena. Mama na kaka hawakufika hapo. Baada ya simu ile karibu mwaka mzima ulipita. Kaka hakupiga kwa sababu alikuwa ameambiwa asipige. Mama naye alikuwa anasema, "Atakuja mwenyewe." Akaja ndani ya sanduku.

Ilikuwa imepangwa kwamba siku ya kumaliza matanga, ndugu wakikusanyika, mama angepuliza maji kaburini. Mjomba alisema hata kwa marehemu inawezekana, wazee waliwahi kufanya. Mama alikuwa ameshikilia hilo tu. Lakini sasa mjomba alikuwa anatikisa kichwa.

"Dada, maji hayawezi kupita juu ya neno ambalo bado linasemwa."

"Nilisema mara moja," mama akajibu.

"Umesema sasa hivi. Sisi sote tumekusikia."

Mama hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"Futa," akasema.

Nilijaribu palepale mbele yao. Nikakandamiza lile faili mpaka kikatokea kipipa cha taka, nikagusa kipipa. Simu ikaandika kwamba imeshindikana. Nikarudia. Nikaizima simu, nikaiwasha, nikaenda tena. Faili lilikuwa limekaa palepale, peke yake kwenye folda ya simu zilizorekodiwa. Nikafikiri labda simu nzima imegoma, nikajaribu kufuta picha ya gunia la vitunguu. Ile ikaondoka mara moja.

Kuanzia siku hiyo mama aliacha kupita nyuma ya migomba. Kwenda bombani alizunguka kwa barabarani, njia ndefu, ndoo kichwani. Alipika, akapakua, akatugawia sahani zetu, halafu akatoka nje mpaka tumalize. Simu niliificha kwenye mfuko wa nguo chini ya kitanda, lakini alijua ilipo, na chumba hicho hakukanyaga. Kila asubuhi, nikiwa bado nanawa uso, alikuwa anauliza bila kunitazama.

"Imetoka?"

"Bado, mama."

Mimi si mtu wa kuongea na watu nisiowajua. Niliishia darasa la saba, na hata huko shuleni mwalimu alikuwa akiniuliza swali najibu chini chini mpaka wenzangu wanacheka. Lakini nilikwenda kwa fundi wa pale Uyole, karibu na yanapoegeshwa malori. Nikasimama pembeni mpaka wateja wakaisha. Akaichukua simu, akapekua kidogo, akapiga mluzi.

"Dogo, hii simu imerutiwa."

"Maana yake nini?"

"Simu ni kama nyumba ya kupanga. Kampuni inakupa chumba na sebule, stoo wanafunga wenyewe. Huyu amefunguliwa mpaka stoo. Halafu hukohuko stoo kuna mtu amefungia kitu chake, na mimi sijui alikifungaje. Nikiiflashi, nikaiwekea mfumo mpya, kitatoka."

"Na picha je?"

"Vinatoka vyote."

"Picha hazibaki?"

"Vyote, dogo! Kwenu vyote ni vingapi?" Mwenzake aliyekuwa anabadilisha kioo akacheka mpaka akaweka bisibisi chini.

Ndani ya simu ile kulikuwa na picha ya baba akiwa bado anasimama, ameshika jembe, anakunja uso kwa jua. Nyumbani hatukuwa na nyingine. Zilikuwemo pia picha za kaka, amejipiga mwenyewe na matenga yake, nyingine hana shati, nyingine amejilaza. Nilirudisha simu mfukoni.

Mjomba akashauri ichomwe moto. Mama akakataa. "Kitu cha marehemu kimegawiwa mbele ya watu, leo ukichome? Unamchoma nani?" Siku ya matanga ilikuwa inakaribia na shangazi zangu walikuwa wameshaanza kuulizana vyakula.

Ndipo nikakumbuka kuangalia majina. Kulikuwa na wanunuzi wa nyanya wengi, wa Mbeya, wa Dar, wa Dodoma, na katikati yao mmoja ameandikwa Fundi Mlandege. Nilihamishia laini ya kaka kwenye simu yangu, nikampigia nikiwa nimejificha nyuma ya choo. Alipopokea alisema kwa furaha, "Mzee wa nyanya! Umepotea!" Nikamwambia mimi ni mdogo wake, simu ina tatizo. Akasema, "Mwambie asimpe mtu mwingine. Ilete hapa Mlandege, Iringa mjini." Sikuweza kumwambia lingine. Nikakata.

Nilipanda basi la asubuhi siku moja kabla ya matanga. Mama alinisindikiza mpaka barabarani. Kulikuwa na ukungu na malori yalikuwa yamewasha taa. Akanishika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu.

"Isibaki hata kidogo," akasema. "Usije ukaniambia imepungua."

Sikuwa nimewahi kufika Iringa. Basi lilipita Makambako, likapita Mafinga kwenye misonobari, na mchana likaanza kupanda kutoka Ipogolo kuelekea mjini. Mlandege niliuliza kwa mama muuza karanga. Fundi alikuwa kwenye baraza la duka la mzee mmoja wa Kihindi anayeuza vitambaa. Mzee mwenyewe alikuwa amekaa ndani na feni, anamsemesha fundi kwa sauti.

"Wewe, moshi ya waya yako inaingia kwa kitambaa yangu!"

"Mzee, huo si moshi, ni maendeleo."

"Maendeleo iende barabarani!"

Fundi alicheka, akaniona nimesimama. Alikuwa kijana wa umri wa kaka, amefunga lenzi kwenye jicho moja. Nikampa simu. Akaijua hata kabla ya kuiwasha.

"Mwenyewe yuko wapi? Kakutuma wewe, anaona aibu?"

"Amefariki."

Akaivua ile lenzi. Nikamweleza juu ya basi na ndoo, maneno machache tu. Alikaa ameishika simu bila kuifanya chochote.

"Pole, mdogo wangu," akasema. "Pole sana. Sasa unataka nini?"

Nikamwonyesha lile faili. Nikasema mama anataka lifutwe. Akanitazama mimi, akatazama simu.

"Ni mimi niliyelifunga," akasema.

Akanieleza. Wanunuzi wa nyanya wanakubaliana na wewe kwenye simu, lori likishafika mjini wanakana. Kwa hiyo kaka alikuja akaomba simu yake irekodi kila anachoongea, na simu ile haikukubali mpaka irutiwe. Fundi akairuti, akaweka kirekodi. Kumbukumbu ilikuwa ndogo, basi akaipanga ijifutie yenyewe kila rekodi ikipita siku chache. Baada ya muda kaka akarudi, mikono imejaa vumbi la Ilula, akasema kuna moja hataki ifutike.

"Nikamwambia, iweke nyota, inatosha. Akasema hapana. Anataka isifutike hata mtoto wa jirani akiichezea, hata yeye mwenyewe akikasirika. Nikamtania, nikamwambia ni ya demu. Hakucheka. Basi nikaipiga kufuli."

"Alikuambia ina nini?"

"Hakuniambia. Na mimi sikusikiliza. Kazi yetu hii, ukianza kusikiliza simu za watu huwezi kula chakula chako."

Akachomeka simu kwenye kompyuta yake kuukuu. Likafunguka dirisha jeusi. Akaandika mstari mmoja, zikashuka herufi na vistari vingi, naye akaweka kucha yake kwenye kioo, mahali palipokuwa na herufi i imesimama katikati ya vistari. Akasema hiyo ndiyo kufuli. Ikiwepo hiyo, hata mwenye funguo zote za nyumba hawezi kulitoa faili, hawezi kulibadilisha jina, mpaka kwanza aiondoe.

"Naitoa kwa mstari mmoja. Lakini hili faili ni refu," akasema. "Mmelisikiliza lote?"

Hatukuwa tumelisikiliza. Mimi nilizima pale aliposema usiletwe. Akanipa visikilizio, akageuka akaanza kusafisha meza kwa brashi ya meno, ili nisione kama ananisubiri.

Mama akasema maneno yake tena. Nilipofika pale nilipokuwa nimeizima, kukawa na kishindo. Alikuwa ameitupa simu. Alidhani ameikata, mama haoni vizuri vitufe, lakini hakuwa ameikata. Simu iliangukia mahali laini, nafikiri kwenye gunia la mahindi jikoni, ikaendelea.

Kwanza ilisikika mvua kwenye bati. Halafu mama akawa anapuliza moto, anapuliza na kukohoa. Halafu ikaja sauti nisiyoijua, nyembamba, na ilikuwa yangu.

"Mama, ilikuwa nani?"

"Hakuna mtu. Leta kuni."

Nikasikia nikiburuta kuni. Mama akanigombeza kwamba nimeleta mbichi. Kaka naye alikuwepo upande wa pili. Hakusema kitu, alikuwa anapumua tu karibu na simu. Nyuma yake wauzaji wenzake walikuwa wanapiga kelele, basi limesimama, mwanamke mmoja anamwita, "Wewe, njoo! Dirishani wanataka nyanya!" Hakwenda. Basi likaondoka.

Sisi huku tuliendelea. Kuku aliingia jikoni na mama akamfukuza, "Shii! Toka! Huyu naye!" na kikaanguka kifuniko cha sufuria, kikazunguka sakafuni muda mrefu kabla ya kutulia. Hapo kaka akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo cha puani, alichokuwa nacho tangu utoto. Mama akasema ndizi zinaungua, nimekaa tu kama mgeni. Nikasema hazijaungua. Akasema, "Onja basi." Nikaonja, nikasema zimeungua. Mama hakucheka, ila aliguna ile guna yake ya kukaribia kucheka. Na kaka akawa bado anapumua. Halafu ikakatika katikati ya mvua. Nafikiri vocha iliisha.

Nilivua visikilizio. Mzee wa kitambaa alikuwa anampimia mteja pazia kwa fimbo ya mita, na mteja analalamika kwamba analivuta. Fundi akauliza bila kugeuka.

"Nifute?"

Nikaanza kukunja waya wa visikilizio. Akageuka akaniangalia, akaongea taratibu.

"Ninaweza kukata mwanzo. Nikatoa yale unayotaka yatoke, nikakuachia ya nyuma. Ni kazi ndogo."

Nikasema nimpigie mama kwa simu yangu. Nilishuka barazani nikasimama kwenye mfereji, watu wanapita wananipiga vikumbo. Alipokea haraka, alikuwa ameishika simu mkononi.

"Imetoka?"

"Mama, kuna vitu vingine huko mbele. Baada ya yale maneno."

"Futa."

"Mama, nisikilize kwanza, si maneno yako, kaka alikuwa..."

"Unataka nisikie tena? Unataka nirudie mara ngapi? Kesho watu wanakuja hapa, mimi nisimame kwenye kaburi la mwanangu na kinywa kichafu?"

"Anaweza kukata, mama, kidogo..."

"Nimesema isibaki! Au na wewe unataka nikutamkie?"

Nilisikia anapumua, kisha akakata. Safari hii alikata vizuri, kimya kilikuwa kitupu kabisa.

Nikarudi kwa fundi. Nikasema afute. Hakubisha. Aliandika mstari wa kwanza, herufi i ikatoka, pakabaki kistari. Aliandika mstari wa pili, akaweka kidole juu ya kitufe, akanitazama. Nikatikisa kichwa kukubali. Dirisha jeusi halikusema chochote. Akaizima simu, akaiwasha, tukaangalia pamoja. Folda ilikuwa tupu. Hakutaka malipo. Yule mzee alitoka ndani akanipa chupa ya maji, akarudi kwenye feni yake.

Nilirudi Uyole usiku, na kesho yake ndugu walikuja. Mama alikuwa ameniuliza neno moja tu, nikajibu neno moja, akaenda kuoga. Kwa mara ya kwanza alipita nyuma ya migomba. Tulisimama kuzunguka kaburi, mjomba akampa maji kwenye kikombe cha bati. Mama akasema yaliyokuwa moyoni. Alisema juu ya baba, jinsi alivyokuwa anauliza kila siku mwanangu mkubwa amefika wapi, na yeye mama anadanganya kwamba yuko njiani. Alisema kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya kawaida, mpaka ikaisha. Akachukua maji mdomoni, akayapuliza juu ya udongo. Mjomba akasema, "Ndaga," yaani asante, na wote tukaitikia. Siku ile mama alikula. Shangazi walimtazama alivyokula, wakaongezea.

Wageni walipoondoka tulibaki jikoni tunaosha vikombe. Mama alikuwa anasugua sufuria kwa majivu. Akauliza, kama anayeuliza chumvi iko wapi.

"Jana kwenye simu ulitaka kuniambia nini?"

Nikamwambia. Nilianza na kishindo, nikamwambia kwamba hakuikata. Nikamweleza mvua, kuni mbichi, basi lililoondoka bila yeye, kuku, kifuniko. Aliacha kusugua. Nilipofika kwenye kicheko akainua kichwa.

"Alicheka?"

"Alicheka, mama."

"Alicheka vipi?"

Nikajaribu kukitoa, kile cha puani. Hakikutoka. Nilijaribu tena. Mama akatikisa kichwa.

"Lete simu."

Nikaileta. Nikamfungulia folda. Aliishika karibu na uso, akaitazama ile nafasi nyeupe, akaikandamiza kwa kidole chenye majivu, hapa na pale. Akauliza kama yule fundi hakubaki na nakala ya ile sauti. Nikasema hakubaki nayo. Akauliza kama haiwezi kurudishwa. Usiku huohuo nilimpigia fundi, akasema ikitoka kwa njia ile hairudi, nisitafute mtu wa kunidanganya.

Mama hakunilaumu, wala mjomba hakumlaumu. Maji yalikuwa yamepulizwa na neno limeisha, kila mtu alisema hivyo. Lakini siku hizi, hasa mvua ikipiga bati, ananiita jikoni nimsimulie. Ndiyo sababu nimeanza kuandika, polepole kama ninavyoweza, maana naona vingine vimeanza kunitoka. Sikumbuki tena yule mwanamke aliita mara ngapi. Mama anakaa kwenye kigoda, ameshika magoti, anasikiliza kwa mpangilio wake: kishindo, mvua, anapuliza moto, anakohoa. Kuna sehemu moja huwa naruka. Natoka kwenye swali langu naenda moja kwa moja kwenye kuni.

"Rudi," anasema.

Narudi. Namwuliza tena kama nilivyouliza siku ile, Mama, ilikuwa nani? Nasubiri, na yeye mwenyewe anajibu, akitazama moto.

"Hakuna mtu."

Halafu ananiambia niendelee, tumfikie kuku.